Kuni za harusi zetu na paa wa Unguja

Naomba wasomaji wa safu hii wanivumilie leo. Wamezoea kunisoma nikilalamikia shule zetu, kamati za misikiti yetu na viongozi wetu, na leo nataka kuandika habari za paa. Atakayeona kuwa hiyo ni mada ya watalii na ageuze ukurasa, lakini kabla hajageuza ajiulize: kuni zilizopika biriani ya harusi aliyokula mwezi uliopita zilitoka wapi? Mimi sikujiuliza, na ndiyo sababu ya makala haya.

Jambo lenyewe lilianza na simu. Mtoto wa ndugu yangu anaishi Marekani, jimbo la Virginia, katika wilaya ya Fairfax, nje kidogo ya mji mkuu Washington. Alinipigia jioni moja, sauti imejaa hasira na kicheko kwa pamoja. "Ami, paa wamekula bustani yangu yote. Mchicha niliouotesha kwa shida, bamia, hata maua ya mke wangu." Nikadhani ananitania. Huku kwetu mtu akimwona paa hukaa mwaka mzima akisimulia, na yeye anawafukuza kwa ufagio mlangoni!

Paa wa kule si huyu wetu. Ni mnyama mkubwa, dume ana pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka, na jike akishiba vizuri mara nyingi huzaa mapacha. Katika karne ya kumi na tisa Wamarekani walimwinda kwa ajili ya biashara ya nyama na ngozi mpaka, ilipofika mwaka 1900, inakadiriwa walibaki kama laki tano tu katika nchi nzima. Wakashtuka. Mwaka huo huo wa 1900 Bunge lao likapitisha sheria ya kuzuia kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliowindwa kinyume cha sheria, na majimbo yakaweka misimu ya uwindaji. Paa wakarudi. Lakini wakati huo mbwa mwitu na wanyama wengine wakali waliokuwa wakiwala walikuwa wamekwisha kuuawa katika sehemu kubwa ya nchi, na watu wakajenga vitongoji vyenye bustani na vichaka, ambavyo kwa paa ni sawa na sinia la chakula lisilo na mlinzi. Leo inakadiriwa wamefika milioni 30 hivi.

Sasa wamekuwa mzigo. Wanakula miche ya miti hata msitu unabaki na wazee bila ya watoto. Ndege wanaotaga vichakani chini wanakosa pa kujificha. Ajali za magari na paa huhesabiwa kwa zaidi ya milioni moja kila mwaka. Huko Fairfax, mtoto wetu ananiambia, kuna watu wanaojitolea: huhudhuria mafunzo, hupimwa shabaha, halafu hupangiwa maeneo ya kuwinda paa kwa upinde katika bustani za umma ili kuwapunguza. Wengine kazi yao ni kuzungushia uzio vipande vya msitu ili miche ipumue. Hawalipwi. Wapo wanaotoa nyama kwa ajili ya masikini. Aliniuliza kama nyama hiyo ni halali kwake, nikamwambia suala la nani kawinda na kataja jina gani wakati wa kurusha mshale akaulize masheikh wa huko, mimi si mufti.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya ardhi. Kule mwenye shamba anaweza kuandika mkataba na jumuiya ya wananchi kwamba ardhi yake, iwe kwake, kwa warithi wake au kwa atakayeinunua, haitajengwa milele. Jumuiya ya kwanza ya namna hii ilianzishwa Massachusetts mwaka 1891, na sasa zimezidi elfu moja. Wanaozisimamia wengi ni watu wa kujitolea, wastaafu na walimu, wanaokwenda kukagua mipaka siku zao za mapumziko. Muislamu akisikia hivyo hawezi kuacha kukumbuka wakfu. Sisi tulikuwa na mlango huu kabla yao kwa karne nyingi, na leo tunajua zaidi kuuza mali za wakfu kuliko kuziweka. Lakini hilo lina siku yake.

Wiki mbili baada ya simu ile nilikwenda shamba, kijiji kimoja cha Kusini Unguja ambacho jina lake nitalihifadhi kwa sababu zitakazoonekana. Ilikuwa hitma ya mke wa mjomba wangu. Mjomba ni mtu wa miaka sabini kasoro, mkulima wa mihogo na mbaazi katika ardhi ya mawe, na kwa miaka mingi ni mjumbe wa kamati ya uhifadhi ya kijiji. Baada ya watu kutawanyika nikamsimulia habari za Fairfax ili apate kucheka kidogo. Akacheka kweli.

"Hao wanajitolea kuwapunguza," alisema. "Sisi tunajitolea tupate angalau wa kuhesabu."

Msomaji asiyemjua paa nunga nimweleze. Ni mnyama mdogo, urefu wake hauvuki goti la mtu mzima, uzito wake kilo saba hadi kumi na mbili. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, na makalioni ana mkanda mweupe. Huishi katika msitu mnene wa maweni, mchana anatembea chini ya kima akila majani, maua na matunda wanayoyaangusha. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1918 na wakampa jina la Aders, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, ingawa wazee wetu walikuwa na jina lake tangu zamani. Duniani kote anapatikana Unguja na katika misitu ya pwani ya Kenya, basi.

Huzaa mtoto mmoja kwa wakati, si mapacha. Kwa hiyo ukiua wawili katika msitu mdogo, hasara yake haizibwi mwakani. Mwaka 1983 walikadiriwa kuwa kama 5,000 Unguja. Mwaka 1996 wakakadiriwa 2,000. Mwaka 1999 ikatajwa idadi ya mia sita na ushei. Miaka kumi na sita tu! Ndipo wachache wakapelekwa visiwa vya Chumbe na Mnemba kama akiba, kama mtu anayehamisha mbegu kutoka ghala linalovuja. Baadaye kamera za kutegwa msituni ziligundua kuwa huko Boni na Dodori, upande wa Lamu, wako wengi kuliko ilivyodhaniwa, na shirika la kimataifa linaloweka orodha ya viumbe walio hatarini likamshusha kutoka daraja la hatari kubwa kabisa. Hiyo ni habari njema kwa Kenya. Kwa Unguja haikuongeza paa hata mmoja.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Unguja nayo imempoteza mnyama wake mkali. Chui wa Unguja aliandamwa sana baada ya 1964, akidaiwa kufugwa na wachawi, na wataalamu wengi wanaamini kuwa ametoweka. Kwa hesabu ya Marekani, chui akiondoka paa wangetujaa mpaka Darajani. Mbona haikuwa hivyo? Kwa sababu nafasi ya chui tuliichukua sisi, na sisi hatushibi. Chui hachomi chokaa, hauzi kuni, hasafishi eka tano kwa ajili ya hoteli. Sensa ya mwaka 2002 ilitukuta Zanzibar hatujafika milioni moja. Ya mwaka 2022 ilituhesabu 1,889,773. Kila mmoja wetu anakula kilichopikwa.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya mwaka 1996, ilifungua njia kwa vijiji kukabidhiwa misitu yao kwa makubaliano maalumu na kujiwekea kanuni. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza Zanzibar, eneo la kilomita za mraba 50. Kisha kati ya 2010 na 2014 ukaja mradi uliofadhiliwa na Norway uliopewa jina la HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili. Vijiji vilipimiwa misitu, vikaandikiana mikataba, na ikatazamiwa kwamba hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na miti ingeuzwa nje na fedha kurudi kwa wananchi. Fedha ya soko hilo haikuja kwa kiasi kilichotarajiwa. Kazi ya kulinda ikabaki pale pale.

Jina hilo la HIMA lilinifanya nitabasamu, kwani aliyejua Kiarabu atakuwa amelisoma mara mbili. Hima ndilo jina la ardhi iliyokuwa ikizuiliwa kwa maslahi ya umma tangu zama za Mtume, rehema na amani zimfikie, kama ile ya Naqii' iliyotengewa farasi. Sayyidna Umar naye alizuia ardhi ya Rabadha. Katika mapokezi mashuhuri tunaelezwa kuwa alimuusia yule aliyempa kazi ya kuilinda, jina lake Hunayy, awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie matajiri wakubwa, akawataja masahaba wawili kwa majina. Tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kukimbilia, masikini hana. Khalifa alifahamu kuwa ukifunga ardhi lazima kwanza uulize unamfungia nani.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu ya niliyoyaona asubuhi yake. Mjomba alinichukua doria. Kamati yao ni ya watu wanane, wanawake watatu, na hutoka mara mbili kwa wiki. Hawana mshahara. Hawana hata viatu vya maana, na yeyote aliyewahi kutembea maweni anajua mawe yale yalivyo, ni kama mtu kakupangia visu akavifunika majani. Mjomba amevaa kandambili za mpira wa gari. Tochi wanazo mbili kwa watu wanane. Tulitembea saa tatu. Paa hatukumwona. Tuliona kinyesi chake, punje ndogo nyeusi chini ya mti, na mjomba akainama akazitazama kwa furaha kama mtu aliyepata barua.

Baadaye kidogo tukakuta tanzi la waya limefungwa kwenye mche. Ndani yake ulibaki mguu tu, nao umekauka. Mjomba hakusema kitu. Alilifungua taratibu, akaukunja waya, akautia mfukoni.

Tulipokwenda mbele zaidi msitu ukakatika ghafla. Visiki vya mikaaga na midaa, vimekatwa kwa panga, eneo la kama viwanja viwili vya mpira, na njia ya gari imepasuliwa mpaka barabarani. Akanieleza kuwa tanzi lile lisingekuwa pale bila ya njia hii. Mkata kuni hufungua, mtega waya hufuata, na paa aliyekuwa na kichaka cha kujificha anabaki uwanjani. "Hii walikata wiki ile ya harusi ya mwanao," alisema. "Sisi tulikuwa kwako Mjini tunakula. Walijua kijiji kitupu."

Nikamuuliza kama gari lilionekana. Akanitajia rangi yake na maandishi ya kwenye ubao wa nyuma.

Wasomaji wangu, gari lile ndilo lililoniletea kuni. Mimi mwenyewe nilisimama nje ya nyumba nikiwahimiza vijana washushe haraka kabla ya mvua. Nilipewa bei nafuu nikafurahi, wala sikuuliza kibali. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani kuwa kila ukuni ulitoka pale, na magari huzunguka vijiji vingi. Lakini siku zinalingana, na mjomba alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kumjibu. Kumbe yeye alikwisha kulijua tangu siku ya harusi, kaliona gari limeegeshwa, na kwa heshima ya karamu akanyamaza, akala wali wangu.

Hilo ndilo lililonitoa usingizi, kuliko paa mwenyewe. Hawa watu wanane wanalipa gharama ambazo sisi hatuzijui. Miaka miwili nyuma walimkamata kijana na nyavu na mbwa, na kijana huyo alikuwa mjukuu wa mmoja wao. Walikaa usiku kucha wakishauriana. Wangemwachia, kanuni zao zingekufa siku ile. Wangempeleka kwa sheha, ukoo ungepasuka. Walimpeleka. Akatozwa faini. Tangu hapo kuna nyumba mbili zisizoamkiana, na katika maziko ya mke wa mjomba, mtu aliyekuwa rafiki yake wa utotoni hakuja. Mjomba ameniambia hili bila ya kulalamika, kama anavyoeleza habari ya mvua.

Tena msidhani anayetega ni mtu mbaya. Kule Fairfax anayejitolea ana mshahara wake na gari lake, akimaliza anarudi nyumbani friji limejaa. Kijana wa kijijini anaiona hoteli imesafisha ufukwe, anaona gari la Mjini likiondoka na kuni, na yeye anaambiwa asiguse hata kijiti. Wanawake wa kijiji wanaoka mikate yao kwa makuti ili kuitii kanuni waliyoiweka wenyewe. Ukimweka Hunayy kwenye njia ile ya gari, angemzuia nani na angemruhusu nani? Sisi tumeligeuza jambo: mwenye kondoo wawili amezuiwa, tajiri wa Mjini anapakia.

Najua wako watakaosema watu kwanza, paa baadaye. Nimeyasikia barazani, tena kwa mtu ninayemheshimu. Nilimjibu kuwa msitu ule ule ndio unaoweka maji ya visima vya kijiji na ndio wenye dawa na nguzo za nyumba zao, na kwamba watu wanaotajwa kuwa ni wa kwanza hao hao ndio waliochagua kuulinda. Hakuna aliyewalazimisha. Anayesema watu kwanza na awasikilize basi.

Na mimi nimeona niseme nitakalofanya, maana kuandika ni rahisi. Kijana wangu wa pili anafunga ndoa mfunguo nane, inshallah. Nimekwisha zungumza na mpishi. Alinuna, akasema biriani bila ya moshi wa kuni si biriani, ni wali wa hospitali. Tumekubaliana pilau na mchuzi vipikwe kwa gesi, na sufuria mbili za biriani kwa kuni zenye kibali, nami mwenyewe nikione kibali hicho na nipige simu kwa sheha wa shehia kilikotoka. Gharama imepanda. Mke wangu ameuliza kama tumekuwa wazungu. Nimemwambia aende doria moja na kaka wa mama yangu, akirudi tuzungumze.

Msikitini kwetu, baada ya Ijumaa, nimewaomba wenzangu tuchangie jozi nane za viatu. Tumepata tano. Mmoja aliuliza kama hiyo ni sadaka au ni mambo ya mazingira, na imamu akamwambia atoe kwanza, ataelezwa baadaye. Ningependa kamati za harusi za mitaa, ambazo zinajua kuchangisha mamilioni kwa ajili ya mapambo, nazo ziwe na swali la kibali cha kuni katika daftari lao. Hata kwa walioko Dar es Salaam na Tanga swali ni lile lile, ila huko ni magunia ya mkaa na msitu ni wa mtu mwingine.

Juzi nilimpigia mjomba kumwambia habari ya viatu. Alinishukuru, akaniuliza namba, maana mguu wa mmoja wao ni mkubwa na hupata shida. Kisha akanipa habari: mama mmoja wa kamati, akitoka kutafuta mbuzi wake alfajiri, alimwona nunga jike na mtoto wake wakivuka ile njia ya gari. Alisimama mpaka wakapita.

"Viatu vizuri," akasema mjomba, "lakini ukija, lete betri za tochi. Hizi za dukani hapa hazimalizi usiku."